Mbele ya diploma, walete hesabu

Kila mara uchaguzi unapokaribia, mabishano yale yale yanarudi Lubumbashi. Yanaanza asubuhi pale Place de la Poste, kwa watu wanaosimama kubishana siasa, yanapanda basi kwenda Kenya na Katuba, na magaribi yanaingia nyumbani pamoja na bukari. Neno ni moja: inchi imeharibika kwa sababu inaongozwa na watu wasiosoma. Basi sheria ikate wazi: bila lisansi, hakuna kiti cha ubunge, bila doktora, hakuna uraisi. Anayesema hivyo hapati mpinzani. Watu wanatikisa kichwa, wanasema ni kweli.

Si kweli. Na si kwa sababu masomo ni kitu cha bure. Mama anayeuza makala kandokando ya barabara ili mtoto asifukuzwe shuleni anajua bei ya masomo kuliko profesa yeyote. Shida ni kwamba ugonjwa unatafutwa mahali haupo. Congo haikukosa wenye diploma katika ofisi kubwa. Ilikosa watu wanaolazimishwa kuonyesha hesabu. Karatasi ya hesabu ile imeandikwa katika katiba tangu 2006, na pale Place de la Poste ni nadra kusikia mutu akiiomba.

Kwanza sheria yenyewe, kwa sababu wengi wanaibishania bila kuisoma. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 72, inaomba mambo mane kwa mutu anayetaka kuwa raisi: awe Mkongomani wa asili, awe na miaka 30 ao zaidi, awe na haki zake zote za kiraia na za kisiasa, na asiwe kati ya wale ambao sheria ya uchaguzi inawakataza. Kifungu cha 102 kinaomba karibu vilevile kwa mbunge wa taifa, lakini miaka inashuka mpaka 25. Neno diploma halimo. Ni sheria ya uchaguzi ndiyo inayolileta: katika dosié inayopelekwa CENI, mgombea anatia nakala ya diploma yake, ao karatasi zinazoshuhudia kazi aliyoifanya. Ni kusema mlango wa diploma tayari upo, hata kama una dirisha pembeni.

Na mlango ule umezuia nini? Tarehe 20 Desemba 2023 watu walipiga kura. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilitangaza kwamba imefuta kura za wagombea 82, kwa mashtaka ya udanganyifu, ya rushwa, ya kuharibu vifaa vya uchaguzi na ya kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Mashine ya kupigia kura, mikononi mwa mgombea! Kati ya hao 82 mlikuwa mawaziri na magavana. Dosié zao zote zilikuwa zimepita CENI, zimekubaliwa, karatasi zikiwa ndani na mihuri yake. Hakuna diploma iliyopiga kelele.

Wazee wa Lubumbashi wana mfano mwingine, wa zamani, na unauma zaidi.

Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Congo nzima ilikuwa na Wakongomani wasiofika 30 waliomaliza universite. Si kwamba watu walikuwa wajinga. Wabelgiji waliwafundisha kusoma, kuhesabu na kutii, kisha wakafunga mlango. Universite ya Lovanium ilifunguliwa 1954, ile ya Élisabethville, ni kusema hapa, 1956. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta kule Stanleyville. Joseph Kasa-Vubu alitoka seminari. Moïse Tshombe alisoma kwa Wametodisti, akaingia katika biashara ya familia. Wakati ule pia kulikuwa watu waliosema: angalia, inchi imewekwa mikononi mwa makarani, ndiyo maana inawaka moto.

Septemba 1960 wakapata walichotaka. Kolonel Mobutu akawasukuma pembeni wanasiasa, akaweka serkali ya vijana wenye diploma na wanafunzi wa universite. Iliitwa Collège des commissaires généraux, na kichwa chake kilikuwa Justin Bomboko. Haikutokea tena katika historia ya inchi serkali iliyochaguliwa namna ile, kwa masomo tu. Wengine waliitwa kutoka Lovanium, wengine kutoka Ubelgiji, vitabu vyao bado kwenye meza.

Wasomi hao ndio walikuwa katika ofisi wakati Lumumba alipokamatwa, mwanzo wa Desemba 1960. Ndio walikuwa katika ofisi tarehe 17 Januari 1961, wakati ndege ilipomshusha Luano, yeye pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mikono imefungwa, wamepigwa njia nzima. Usiku ule ule wakauawa porini, si mbali na mji, upande wa Shilatembo. Kweli, waliompokea hapa walikuwa watu wa Tshombe, wasio na lisansi, na Wabelgiji waliokuwa nayo. Waliosoma na wasiosoma walishirikiana vizuri sana siku ile. Juni 2022 jeneza lenye jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilipita tena Shilatembo, na wakaaji wa Lubumbashi walitoka kuliona. Nani kati yao aliuliza waliomtuma kufa walikuwa na distinction?

Hapa isidanganywe kwa upande mwingine pia. Karani si malaika. Lumumba mwenyewe alifungwa 1956 juu ya feza za posta. Kutokusoma hakumfanyi mutu kuwa mwaminifu, sawa na vile kusoma hakumfanyi. Ndiyo maana kipimo cha diploma hakipimi kitu ambacho wapiga kura wanataka kupima.

Mifano ya karibu haikosekani. Augustin Matata Ponyo ni mwanauchumi, watu wanamwita profesa, alikuwa waziri mkuu kutoka 2012 mpaka 2016. Ukipanga wakubwa wa Congo kwa masomo, yeye hawezi kukaa nyuma. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu miaka 10 ya kazi ngumu juu ya feza za shamba kubwa la Bukanga-Lonzo, lililopaswa kulisha Kinshasa. Pamoja naye alihukumiwa mutu aliyekuwa gavana wa Banki Kuu. Matata alikana makosa, na watu wake wanasema kesi ni ya siasa. Wabishane. Lakini mahindi ya Bukanga-Lonzo yako wapi? Septemba ya mwaka ule ule, Constant Mutamba, mwanasheria, aliyekuwa waziri wa haki, akahukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu juu ya dola miliyoni 19 zilizokuwa za kujenga gereza Kisangani. Naye alikana. Waziri wa haki, feza za gereza: hata mchekeshaji wa Katuba hangethubutu kutunga hadisi kama hiyo.

Wenye kutetea diploma wana jibu moja lenye nguvu, na ni haki kulisikiliza. Wanasema: Haut-Katanga na Lualaba ni majimbo ya migodi. Kontrati za shaba na kobalti zina mamia ya kurasa. Mbunge asiyejua kusoma kontrati atatia sahihi mahali ataonyeshwa kidole, na watoto wa watoto watalipa.

Ni kweli kwamba kontrati zimeumiza. Angalia ile ya Sicomines kule Kolwezi. Ilifanywa mwaka 2008: kampuni za China 68 kwa 100, Gécamines 32 kwa 100, na Congo ingepata barabara, hospitali na shule. Kwanza ilisemwa dola miliyari 6 za majengo, kisha 2009 ikashuka mpaka 3. Februari 2023 wakaguzi wa IGF wakatoa ripoti: katika miaka yote ile, feza zilizotoka kwa majengo hazikufika hata miliyari moja, zilikuwa dola miliyoni 822. Machi 2024 kontrati ikafanywa upya, ikapanda mpaka miliyari 7. Sasa swali kwa watetezi wa diploma: ile ya 2008 iliandikwa na wachimbaji wa mikono? Na mama wa soko la Kenya? Iliandikwa na mawaziri, wanasheria, wahandisi na washauri wenye kulipwa vizuri, watu wanaojua kusoma kurasa mia tano usiku mmoja. Walisoma. Walielewa. Wakatia sahihi.

Zaidi ya hayo, mbunge hakai peke yake na kitabu cha sheria. Ana wasaidizi, Bunge lina wataalamu, serkali ina makabine yaliyojaa washauri. Pale ndipo diploma ina kazi yake, na pale iombwe bila huruma: muhandisi wa Regideso ajue maji, daktari ajue dawa, mukaguzi wa hesabu ajue hesabu. Mwakilishi wa watu ana kazi ingine. Anapaswa kujua kuuliza, kukataa, na kurudi kwa watu kusema alichokubali kwa jina lao.

Na kama shida ni kutoelewa sheria, kuna dawa ambayo watu wa diploma hawaitaji. Kifungu cha 142 cha katiba kinasema serkali itangaze sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu sheria itiwe sahihi. Kiswahili ni moja ya lugha hizo nne, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Siku 60! Ni mkaaji gani wa Kamalondo amekwisha kuona kodi ya migodi katika Kiswahili kwenye ubao wa komini yake? Kwanza sheria zifungiwe ndani ya Kifaransa, kisha watu waambiwe hawawezi kuongoza kwa sababu hawaelewi sheria. Ni kama kuficha funguo na kumtukana mutu kwamba hajui kufungua mlango.

Sasa, nani atabaki inje siku diploma ya universite itakuwa lazima? Hapa ndipo maneno ya pale Posta yanakuwa hatari kwa familia nyingi za mji huu.

Tangu miaka ya 1990 mpaka 2019, wazazi wa Congo walilipa waalimu kwa mikono yao. Iliitwa prime. Mtoto ambaye baba yake alipoteza kazi Gécamines alifukuzwa shuleni Jumatatu, akarudi, akafukuzwa tena. Katiba ilikuwa inasema katika kifungu cha 43 kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure. Bure yenyewe ilianza Septemba 2019, na shule za sekondari hazikuingia. Katika nyumba nyingi, feza zikipunguka, aliyetolewa shuleni kwanza ni binti. Watoto wa miaka ile leo ni watu wa miaka 25, 30, 40. Ni umri wa kugombea. Kuwaambia leo walete lisansi ni kuwaazibu mara ya pili juu ya umasikini wa wazazi wao. Na kifungu cha 13 kinakataza mutu kubaguliwa katika kazi za serkali juu ya hali yake ya maisha ao ukoo wake.

Kisha kuna wale waliokimbia. Mitwaba, Pweto, Manono: watu walipaita pembetatu ya kifo, na hawakutia chumvi. Kuna waliokimbia mai-mai wa Gédéon miaka ya 2005 na 2006, wakajaa Dubie. Kuna waliokimbia tena wakati Bakata Katanga walipochoma vijiji, kabla na kisha ya ile siku ya Machi 2013 walipoingia mpaka ndani ya Lubumbashi. Kuna familia za Tanganyika zilizokimbia vita vya Waluba na Watwa. Mutu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, pengine mbuzi. Habebi bilete ya shule. Shule yenyewe imeungua na rejista zake. Mama wa namna hiyo, anayekaa leo katika chumba kimoja kule Annexe ao Ruashi, atatoa wapi nakala yenye muhuri?

Na bado ni yeye ambaye ameongoza. Katika kambi za waliokimbia vita, watu wanachagua kamati yao. Chakula kinafika, mahema hayatoshi, maji yana zamu, na kila siku kuna ugomvi. Anayechaguliwa haulizwi alisoma wapi. Anaulizwa kama anaweza kugawa bidoni 40 za mafuta mbele ya familia 60 bila moja kupotelea nyumbani kwake. Akishindwa, anatolewa wiki ile ile, bila kungojea miaka mitano. Wapiga kura wa Kinshasa wangefurahi kuwa na mamlaka kama hiyo.

Mtu wa kweli masikini tayari amezuiwa na feza. Kwa uchaguzi wa 2023, kaution ya mgombea ubunge wa taifa ilikuwa franka 1,600,000, ya mgombea uraisi franka 160,000,000, nazo hazirudishwi. Ongeza juu yake ukuta wa diploma, na siasa itabaki mali ya wale wale, na watoto wao waliosomea Ubelgiji.

Itaongeza pia kitu kingine: soko la diploma. Majirani wamekwisha kuliona. Kenya sheria ilidai digrii kwa anayetaka kuwa gavana. Mwaka 2022 Johnson Sakaja alipogombea Nairobi, mji mzima uliacha kuzungumza juu ya takataka, maji na foleni za magari, ukazungumza juu ya karatasi moja ya universite ya Uganda: ni ya kweli, si ya kweli. Alibaki kwenye orodha, akashinda. Kule Uganda, ambako mbunge lazima awe amemaliza sekondari ya juu, kesi za vyeti zimefika kortini mara nyingi. Na Congo yenyewe, mwaka 2018, maneno yalikuwa mengi juu ya diploma ya Brussels ya mgombea Félix Tshisekedi. Alibaki kwenye orodha, na Januari 2019 akala kiapo. Miezi mizima ya mabishano yale ilisaidia nini familia iliyokuwa inakimbia risasi Mitwaba? Tanzania wao wanaomba kitu kidogo: mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili ao Kiingereza. Hapo mutu anaweza kukubali. Anayetia sahihi ajue kusoma anachotilia sahihi, katika lugha ambayo waliomtuma wanaielewa.

Ile karatasi ingine sasa. Kifungu cha 99 cha katiba kinasema raisi wa jamhuri na kila waziri, mbele ya kuanza kazi na wakati wa kuiacha, waandike mali yote ya familia yao na kuipeleka Mahakama ya Katiba: nyumba, magari, akaunti, hisa. Asiyefanya hivyo ndani ya siku 30 anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Hakuna mahali katika katiba ambapo diploma imepewa nguvu kama hiyo. Mutu aingie na nyumba moja, atoke na nyumba kumi na mbili, na karatasi iseme. Lakini kwenye mikutano ya kampeni, vijana wanapiga vuvuzela juu ya nani ni doktare, na hawaulizi nani amesema mali yake. Kifungu kile hakitaji wabunge wala meya. Basi, hiyo ndiyo sheria ya kuomba ipanuliwe, si ya lisansi.

Karibu zaidi na nyumbani kuna hesabu ya migodi. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa ile redevance hivi: 50 kwa 100 kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja, na 15 kwa komini, sekta ao sheferi ambapo mgodi upo. Kumi na tano. Si mchango wa huruma wa kampuni, ni haki ya mahali. Pembeni yake, kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Feza hizi zinaingia. Halafu barabara ya kartie inabaki vumbi kiangazi na matope masika, na wanafunzi wanakaa chini. Kwa miaka mingi meya na bourgmestre wameteuliwa kwa karatasi ya kutoka Kinshasa, na wengi wao wanaandika Kifaransa safi kabisa.

Kwa hiyo mgombea atakapofika tena kwenye avenue, na tisheti zake, na vitambaa vya kugawa, na mutu wa kumtangaza kwa mikrofoni kwamba huyu ni lisansie, huyu ni profesa ordinaire, wamsikilize mpaka mwisho, tisheti wachukue. Kisha mama mmoja asimame amuulize 15 kwa 100 ya mwaka jana iliingia kiasi gani, ilitoka kiasi gani, nani alitia sahihi, na kama yuko tayari kubandika hesabu ile kwenye ukuta wa komini kila baada ya miezi mitatu. Amuulize ana nyumba ngapi leo. Akijibu kwa Kifaransa, aombe arudilie kwa Kiswahili, polepole, mpaka wale walioketi nyuma wasikie namba.